Fukusi wa mchele na kioo cha damu: namna mtu wa Lusangi anavyoweza kuingia mashindano ya picha za mikroskopi

Mwezi wa 10 mwaka 2025, zawadi ya kwanza ya mashindano makubwa ya picha za mikroskopi duniani ilikwenda kwa picha ya fukusi. Ni kale kadudu keusi kenye pua ndefu ambako kila mama wa Kasongo na Kabambare anayepepeta mchele anakajua na hakapendi. Katika picha hiyo fukusi amesimama juu ya punje moja ya mchele, mabawa yamefunguliwa, kama vile anataka kuruka. Aliyepiga picha ni Zhang You, mtu wa China. Mdudu mzima hazidi milimeta 4.

Mchele ni chakula cha zamani huko Maniema. Ulifika na misafara ya Waarabu na Waswahili katika karne ya 19, Kasongo ikawa moja ya miji yao mikubwa, na mpaka leo mpunga unalisha na kusomesha familia nyingi. Kwa hiyo fukusi huyo si mgeni. Angeweza kutoka katika gunia lolote la soko la Lusangi. Kilichokuwa cha pekee ni subira ya mpiga picha: alipiga zaidi ya picha 100, kila moja ikionyesha vizuri sehemu ndogo tu ya mwili wa mdudu, kisha zote zikaunganishwa kuwa picha moja.

Wengi wanafikiri kwamba picha za sayansi ni kazi ya watu wenye mashine za mamilioni huko Ulaya na Marekani. Kwa sehemu ni kweli. Lakini kila zoni ya afya ya Kongo inatakiwa kuwa na hospitali kuu ya rufaa, na hospitali hiyo inatakiwa kuwa na labo yenye mikroskopi (vitabu vya Kiswahili vinaiita hadubini). Lusangi ni zoni ya afya. Watu wa labo wanatazama kila siku vitu ambavyo wapiga picha wengi wa dunia hawajawahi kuviona kwa macho yao. Kinachokosekana mara nyingi ni kimoja: hakuna anayeviweka katika picha. Kioo kinasomwa, jibu linaandikwa katika rejista, kioo kinaoshwa, basi.

Mashindano yenyewe

Yanaitwa Nikon Small World. Yalianzishwa mwaka 1975 na kampuni ya Nikon, wale watengenezaji wa kamera na mikroskopi. Tangu mwaka 2011 kuna pia sehemu ya video, kwa vitu vinavyotembea. Kuingia ni bure. Si lazima mtu awe na mikroskopi ya Nikon. Mashine ya jina lolote inakubaliwa, mpya au kuukuu, mradi ni mikroskopi ya mwanga. Si lazima pia awe profesa. Miongoni mwa walioshinda kuna watafiti wa vyuo vikuu na kuna watu wanaofanya kazi hiyo nyumbani kwa mapenzi tu.

Kwa miaka mingi tarehe ya mwisho imekuwa 30 Aprili, na washindi wa picha wanatangazwa Oktoba. Katika miaka ya karibuni zimekuwa zikiingia karibu picha 2,000 kila mwaka, kutoka nchi zaidi ya 70. Picha 20 za kwanza zinapangwa kwa namba, na nyingine zinatajwa kwa heshima. Kwa hiyo anayeingia ajue mapema: nafasi ya kushinda ni ndogo kwa kila mtu, hata kwa profesa wa Geneva.

Waamuzi wanatazama mambo manne. La kwanza, je, picha ni ya asili, haijaiga nyingine? La pili, inafundisha nini? La tatu, kazi ya mikono ni safi? La nne, inagusa macho? Picha nzuri isiyoeleza kitu haiendi mbali, na picha yenye habari kubwa lakini chafu pia haiendi.

Washindi wa nyuma wanaonyesha upana wa mambo yanayokubaliwa. Mwaka 2018 alishinda Yousef Al Habshi wa Falme za Kiarabu kwa jicho la mdudu mwenye gamba gumu na pua, ndugu wa mbali wa huyo fukusi. Mwaka 2019 alikuwa mtoto wa kasa aliyekuwa bado katika yai. Mwaka 2021 lilishinda jani la mti, pamoja na vinywele vyake na vitundu vya kupumulia. Mwaka 2022 ulikuwa mkono wa mjusi wa Madagaska ambaye hajazaliwa. Mwaka 2024 zilikuwa seli za uvimbe wa ubongo wa panya. Jani, jicho la mdudu, mdudu wa mchele: hayo matatu yanapatikana Lusangi bila kulipia.

Kuna mashindano mengine. Kampuni ya Evident, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Olympus, ina yake. Royal Society ya Uingereza nayo ina sehemu ya picha za vitu vidogo, lakini hiyo ni kwa watafiti.

Neno "mikroskopi ya mwanga" lina maana yake. Mashine hizi zinatumia mwanga wa taa au wa jua kupita katika kitu na katika lenzi. Mwanga una mpaka: vitu viwili vikikaribiana chini ya kama mikrometa 0.2, yaani sehemu moja ya 5,000 ya milimeta moja, vinaonekana kama kimoja, hata lenzi iwe nzuri namna gani. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikrometa 7 hivi, basi inaonekana vizuri. Kidudu cha malale kinafika mikrometa 20 au 30 kwa urefu, kinaonekana. Lakini kirusi cha mpox kiko pale pale kwenye mpaka, na cha Ebola ni chembamba kupita hapo. Kwa hiyo mtu akileta picha aliyopiga katika labo ya kawaida na kusema "hii hapa ni Ebola", anadanganya au amedanganywa. Picha za virusi zinazoonekana katika televisheni zinatoka katika mashine za elektroni, na hizo haziingii katika mashindano haya.

Kasongo, mwaka 1905

Watu wa Kasongo wana sehemu yao katika historia ya mikroskopi, ingawa ni wachache wanaoijua.

Mwaka 1902 huko Gambia, Mwingereza Joseph Everett Dutton alitambua katika damu ya mtu kidudu kinachoogelea kama samaki mdogo. Akakipa jina ambalo linatumika mpaka leo: gambiense. Ndicho kinacholeta malale, ugonjwa wa usingizi, hapa Kongo. Mwaka uliofuata Dutton alikuja Kongo pamoja na Mkanada John Lancelot Todd, wakitumwa na chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Liverpool. Walipanda mto polepole wakipima damu za watu. Kuelekea mwisho wa 1904 walikuwa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo.

Huko walishughulika na homa nyingine, ile ya papasi. Papasi, ambaye sehemu nyingi za Kongo anaitwa kimputu, anakaa katika nyufa za sakafu ya udongo na kuta, anatoka usiku, anauma, anarudi kujificha. Homa yake inakuja kwa nguvu, inaondoka, mtu anafikiri amepona, kumbe inarudi tena. Dutton na Todd walichukua papasi, wakawaacha waume nyani, nyani wakaugua, na katika damu yao vikaonekana vidudu vyembamba vilivyojikunja kama springi. Waliona pia kwamba papasi mama anawaachia watoto wake ugonjwa: papasi aliyetoka katika yai anaweza kuambukiza bila kuwahi kuuma mgonjwa. Karibu wakati uleule, huko Uganda, Philip Ross na Arthur Milne nao walikuwa wameona vidudu vya namna hiyo katika damu ya wagonjwa wa homa ya papasi.

Wote wawili, Dutton na Todd, walipata homa hiyo. Todd alipona. Dutton aliendelea na safari mpaka Kasongo, na hapo akafa tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30. Mwaka 1906 kidudu kikapewa jina lake. Leo kinaitwa Borrelia duttonii. Majina ya wagonjwa waliotoa damu njiani, kutoka Boma mpaka Maniema, hayakuingia katika jina la kidudu chochote.

Wakati ule picha za mikroskopi zilikuwa zinajulikana: Mjerumani Robert Koch alichapisha picha za bakteria tangu 1877. Lakini safarini, mbali na chumba cha giza na dawa za kusafishia filamu, kilichoonekana kilichorwa kwa mkono. Jicho moja kwenye lenzi, kalamu kwenye karatasi. Leo simu ya mkononi inafanya kazi hiyo katika nusu sekunde.

Homa hasi, na mtu bado anaungua

Hapa ndipo jambo la mashindano linagusana na afya. Katika vituo vingi vya afya kipimo cha haraka cha malaria, kile kinachoitwa TDR, kimechukua nafasi ya mikroskopi. TDR ni msaada mkubwa: haihitaji umeme, haihitaji miaka ya mafunzo, jibu linatoka katika dakika 15 au 20. Lakini TDR inauliza swali moja tu: je, kuna malaria? Haiwezi kuona kidudu cha papasi. Haiwezi kuona kidudu cha malale wala minyoo midogo ya filaria inayotembea katika damu. Mtoto mwenye homa ya papasi anapata TDR hasi, anapewa kidonge cha kushusha joto, anarudi nyumbani kulala juu ya sakafu ileile.

Mikroskopi inaona vyote hivyo, ikiwa kuna mtu anayejua kutazama. Na kutazama ni ujuzi unaopotea kama hautumiki. Malale yamepungua sana: tangu mwaka 2018 dunia nzima inatangaza wagonjwa chini ya 1,000 kwa mwaka, wengi wao Kongo, na Maniema ni mmoja wa mikoa ambako ugonjwa huo umekuwapo kwa muda mrefu. Hiyo ni habari nzuri yenye tatizo ndani yake. Kijana wa labo anayeanza kazi leo anaweza kukaa miaka bila kuona kidudu hicho hata mara moja. Siku kitakapopita mbele ya macho yake, atakitambua namna gani, kama wa zamani hawakumwachia picha?

Kupiga picha safi ya kioo na kusoma kioo vizuri ni kazi ileile. Chukua rangi ya Giemsa. Ikiwa haikuchujwa, inaacha vidoto vyeusi ambavyo vinaharibu picha. Vidoto hivyohivyo vinamfanya mpimaji aandike "malaria" mahali ambapo hakuna. Ikiwa maji ya kuchanganyia yana asidi, rangi inakuwa nyekundu kupita kiasi na kiini cha kidudu hakionekani. Maji yanatakiwa kuwa na pH 7.2. Rangi ya asilimia 10 inakaa kama dakika 10, ya asilimia 3 inakaa dakika 45 hadi 60, na hiyo ya pili, kwa mwenye muda, ndiyo inayotoa picha tulivu zaidi. Kwa picha, tone jembamba lililotandazwa na kukaushwa kwa methanoli ni bora kuliko tone nene (ile GE ya kila siku), juu katika tone nene chembe nyekundu zinapasuka na kidudu kinabaki peke yake bila nyumba yake.

Vitu vya kupiga picha bila kugusa mgonjwa

Anayeanza asianze na damu. Jikoni na shambani kuna mali ya kutosha.

Unga wa muhogo, huo wa bugali, ni mfano mzuri. Chembe chache katika tone la maji, chini ya kioo kidogo cha kufunikia, zinaonekana kama vijiwe vya mviringo, vingine vimekatwa upande mmoja kama ngoma. Sasa mtu akipata vipande viwili vya plastiki ya kuchuja mwanga, ile iliyoko katika miwani fulani ya jua na juu ya kioo cha kikokotoo kilichokufa, aweke kimoja chini ya sampuli na kingine juu, kisha akizungushe polepole mpaka uwanja wote uwe mweusi. Kila chembe ya unga inawaka katika giza na katikati yake kuna msalaba mweusi. Sukari iliyoyeyushwa na kukaushwa juu ya kioo, au kidonge cha vitamini C kilichofanyiwa hivyo, inatoa rangi za upinde wa mvua. Chumvi ya mezani haitoi kitu: fuwele zake zinaacha mwanga upite bila kuugeuza. Wengi wanaanza na chumvi, wanaona giza tupu, wanafikiri plastiki ni mbovu. Plastiki inapimwa kwa kuweka vipande viwili kimoja juu ya kingine na kuzungusha. Kama giza haliji, hiyo ni miwani ya kawaida tu.

Jani la sombe, upande wa chini, linapakwa verni ya kucha, linaachwa likauke, kisha verni inabanduliwa kwa utepe wa gundi na kuwekwa juu ya kioo. Vitundu vya kupumulia vya jani vinaonekana kama midomo midogo. Maji ya kisima cha samaki yana viumbe vinavyoogelea, vizuri kwa video. Kwa maji hayo kuna ujanja wa bei ndogo: mviringo wa karatasi nyeusi unawekwa katikati chini ya kondensa, ili mwanga wa moja kwa moja uzibwe na ule wa pembeni tu upite. Viumbe vinang'aa juu ya uwanja mweusi kama nyota. Hiyo inafanya kazi kwa lenzi za 4 na 10. Kwa lenzi ya 100 haiendi.

Na fukusi mwenyewe? Anawezekana, lakini ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mdudu mzima hapitishi mwanga, kwa hiyo anaangaziwa kutoka juu au pembeni, kwa taa ndogo yenye karatasi nyeupe mbele yake ili mwanga ulainike. Lenzi inaona wazi unene mdogo sana kwa mara moja: pua ikiwa wazi, mgongo ni ukungu. Ndiyo maana zinapigwa picha nyingi, kila mara kirekebishi kidogo kikisogezwa kiasi kidogo, kisha programu ya kompyuta inachagua sehemu zilizo wazi na kuziunganisha. Kuna programu za bure za kazi hiyo, kama ImageJ. Mtu akianza na picha 15 au 20 za bawa peke yake, atajifunza zaidi kuliko kukimbilia mdudu mzima.

Mashine, ukungu na simu

Adui mkubwa wa mikroskopi katika Maniema ni unyevu. Ukungu unaota ndani ya lenzi kama utando wa buibui, na mara nyingi kioo hakirudi kuwa kama zamani. Mashine inayofunikwa kwa mfuko wa plastiki baada ya kazi inaoza upesi, juu mfuko unafungia unyevu ndani. Kitambaa cha pamba ni afadhali, na sanduku lenye taa ndogo inayowaka au pakiti za kukausha ni afadhali zaidi. Lenzi ya 100 ifutwe mafuta kila siku baada ya kazi. Mafuta ya kupikia si mbadala wa mafuta ya lenzi. Yanaganda na kuharibu.

Mashine za zamani zinazotumia kioo badala ya taa bado zinafaa. Kioo kielekezwe kwenye anga au ukuta mweupe. Kamwe kisielekezwe kwenye jua lenyewe: lenzi inakusanya moto na jicho linaweza kuharibika kabisa.

Simu inashikwa juu ya lenzi ya kutazamia, sentimeta moja au mbili, mpaka duara la mwanga lijae. Mkono unatetemeka, kwa hiyo mirija ya katoni iliyokatwa vizuri, inayobana lenzi upande mmoja na kushika simu upande mwingine, inasaidia kuliko simu ya bei kubwa. Kamera iwekewe kuchelewa sekunde 2 ili kidole kisitikise. Picha nyingi zinazokataliwa haraka zinakosa mambo madogo tu: vumbi kwenye lenzi ya simu, mwanga usio katikati, rangi ya njano ya taa iliyoachwa bila kurekebishwa.

Damu ni ya mtu

Kioo cha damu au cha makohozi kilichukuliwa ili kumtibu mtu. Kukipiga picha kwa mashindano ni jambo lingine, na linahitaji ruhusa nyingine. Mgonjwa aulizwe kwa lugha anayoielewa, baada ya kupata matibabu yake, na akisema hapana, iwe hapana bila maneno zaidi. Aelezwe pia kwamba picha inaweza kuonekana dunia nzima. Kwa mtoto, mzazi ndiye anayejibu. Kisha ruhusa ya mkuu wa labo na ya MCZ, yaani munganga mkuu wa zoni, kwa maandishi, hata karatasi moja tu.

Jina, namba ya rejista na kijiji visionekane katika picha wala katika jina la faili. Hilo la faili linasahauliwa sana: mtu anafuta jina juu ya kioo, lakini faili yenyewe inaitwa kwa jina la mgonjwa. Kongo ina Code du numérique tangu tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake data za mtu binafsi zinalindwa. Katika mji mdogo, ambako kila mtu anajua ni nani aliyelazwa wiki gani, hata kutaja ugonjwa adimu pamoja na tarehe na kijiji kunatosha kumtaja mtu.

Mashindano yanataka picha tu. Hakuna mashindano ya kweli yanayoomba kioo chenyewe, damu au sampuli itumwe nje. Anayeomba hivyo ana shughuli nyingine. Vilevile Small World haiombi fedha ya kuingia. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "umeshinda, tuma kwanza dola kadhaa za karatasi" ni wizi, hata kama una picha ya mikroskopi juu yake.

Kujaza fomu

Fomu inajazwa kwa mtandao na ni ya Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza wa sekondari anaweza kusaidia, lakini maelezo ya kisayansi yaandikwe na aliyepiga picha, kwanza kwa Kiswahili au Kifaransa, ili yasipotee katika tafsiri. Wanauliza kitu ni nini, kilitayarishwa namna gani, mwanga ulikuwa wa aina gani, nguvu ya lenzi ni ngapi. Jina la kisayansi linasaidia: fukusi wa mchele ni Sitophilus oryzae, muhogo ni Manihot esculenta. Kama jina halijulikani kwa uhakika, "mdudu jamii ya fukusi" ni jibu la heshima kuliko jina la kubahatisha.

Kuhusu nguvu ya lenzi watu wanakosea. Chini ya picha zinazoshinda Small World inaandikwa nguvu ya lenzi ya chini tu, ile iliyo karibu na sampuli: 5, 10, 40. Haizidishwi na lenzi ya jicho wala na kukuza kwa vidole juu ya simu.

Kurekebisha mwanga na rangi kidogo ni kawaida, na kuunganisha picha za kina mbalimbali pia, mradi itajwe. Kuongeza kitu ambacho hakikuwa chini ya lenzi si picha tena. Faili ya kwanza kabisa, kama ilivyotoka katika simu, ihifadhiwe mahali pawili. Na masharti ya mwaka husika yasomwe yote, hasa kuhusu umri wa kuingia, ukubwa wa faili, na haki ya waandaaji kuichapisha picha. Karibu mashindano yote yanaomba haki hiyo.

Mtandao ni shida yake mwenyewe. Picha ya simu nzuri ina mega 3 hadi 6. Kuituma kwa rafiki wa Kasongo au Kindu ili aipakie ni njia ya kawaida, lakini WhatsApp inabana picha na kuiharibu. Itumwe kama dokumenti, si kama picha.

Kwa hesabu ya kalenda, anayelenga 30 Aprili haanzi Machi. Machi na Aprili ni mvua, plaki za jua zinachoka mapema, njia ya kwenda penye mtandao imejaa matope. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, ndicho kipindi cha kupiga: hewa ni kavu, betri zinajaa, na mpunga uliovunwa uko ghalani, pamoja na fukusi wake.